Perpétue, Anayewapaka Watoto Manjano

Siku ya nne Perpétue aliona macho ya mtoto yamekuwa ya njano, akanyamaza. Naanzia hapo kwa sababu watu wa Kansanga wakisimulia habari hii wanaanzia hospitali, na hospitali ilikuja baadaye sana. Jambo lenyewe lilitokea mlangoni kwa watu, asubuhi, jua limetoka, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameketi na mtoto mapajani, vidole vimejaa mafuta. Aliona kitu anachokijua. Mdomo ukakataa.

Huyu mama ni mtu wa Bukavu, kule Congo. Perpétue ni jina la kanisani na la karatasi za ukimbizi. Mtaani anaitwa Mama Tresor, kwa mwanawe wa kwanza. Anakaa chumba kimoja nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, na kazi yake ni kuogesha watoto wachanga. Hajasomea unesi na hajawahi kudanganya kwamba amesomea. Mwanamke akijifungua anampigia simu, Perpétue anakuja asubuhi na beseni la bluu na ndoo ndogo yenye mfuniko. Anamkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto, anamnyoosha mikono na miguu, anampaka. Siku saba. Halafu anaenda kwa mwingine. Mikono yake ni mizuri, hilo hata waliomtukana hawalikatai. Mtoto anayelia kwa kila mtu, kwake ananyamaza.

Maneno yote yako kwenye ile ndoo. Ndani kuna mawese kutoka Congo, mekundu, mazito, kuna manjano iliyotwangwa, na kuna majani ambayo hataki kuyataja. Bibi yake kule Bukavu alitumia mawese peke yake, kidogo, mtoto akiwa na ngozi kavu, na kesho yake yanaoshwa. Manjano Perpétue aliiongeza mwenyewe hapa Kampala, baada ya kuona kwenye simu bibi harusi wa Kihindi anapakwa mwili mzima. Alijaribu kwa mtoto mmoja. Mtoto akang'aa. Mama yake akampiga picha, na picha ikatembea.

Tuseme ukweli, maana tunapenda kuzunguka. Wanawake wa hapa wanataka mtoto mweupe. Hawasemi mweupe, wanasema "brauni", wanasema "ana rangi nzuri". Krimu za dukani wanaziogopa siku hizi, wamesikia zinachoma. Kwa hiyo mtu akija na ndoo na kusema hii ni ya asili, imetoka shambani, wanafungua mlango wote. Lailah, mwenye saluni pale karibu na steji ya boda, alimrekodi Perpétue akipaka mtoto, akaandika juu ya video "watoto wa dhahabu". Basi. Kuanzia siku hiyo simu ya Mama Tresor haikupumzika.

Neno asili limefanya watu wawe wajinga. Bangi ni ya asili. Nyoka ni wa asili. Manjano haijamuua mtu, hata mimi naila kwenye pilau. Ila ukimpaka mtoto wa siku mbili kuanzia utosi mpaka nyayo umefanya kitu kimoja kibaya sana. Umemfunika.

Watoto wengi wanakuwa wa njano kidogo siku za kwanza, halafu inaisha yenyewe. Kuna wengine haiishi. Inaanza usoni, inashuka kifuani, inafika miguuni, na ikizidi inaingia kwenye ubongo. Ikiingia huko haitoki bila kuharibu. Ikionekana mapema, mtoto analazwa chini ya taa ya bluu siku mbili tatu na anarudi nyumbani. Dawa ni kuwahi, na ili uwahi lazima uone. Sasa mtoto aliyepakwa manjano na mawese, wewe utaona nini? Utaona manjano na mawese.

Adoch alijifungua Jumatatu. Ana miaka ishirini na moja, mume wake Oloya ni polisi, na wakati huo alikuwa amepelekwa Karamoja. Walikuwa wanakaa kwenye nyumba za polisi upande wa Makindye, zile za mabati za mviringo ambazo watu wanaziita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na ukiingia kwa haraka unagonga kichwa. Mchana ndani ni giza. Alizalia kliniki ndogo, mtoto wa kiume, na jioni hiyo hiyo wakamwambia nenda nyumbani, mko salama.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kitgum. Rosalba, mjane wa mwanajeshi, mwanamke mrefu, ana sauti ya paredi. Alikuja na sheria: mtoto wa kiume siku tatu ndani na mama yake, hatoki, haonwi na mtu wa nje. Mtu wa nje mmoja tu aliruhusiwa, na ni Rosalba mwenyewe aliyempigia simu, kwa sababu video ya Lailah alikuwa ameiona mpaka kule Kitgum.

"Wewe ndiyo Mama Congo wa watoto wa dhahabu?" Rosalba alimuuliza mlangoni.

"Njo miye, yaya," Perpétue akajibu. Kwao yaya ni dada mkubwa.

"Kwa simu wewe nakaa mkubwa. Kumbe ni kidogo namna hii."

"Beseni njo iko mukubwa, yaya. Inatosha."

Rosalba akacheka, akampisha. Akatoa kwenye mfuko wake chupa ya mafuta ya shea, yale ambayo Waacholi wanayaita moo yao. "Changanya na hii. Mjukuu wangu hapana pakwa Congo peke yake."

Kwa hiyo ikawa hivyo, mawese, manjano, majani yasiyo na jina, na mafuta ya Kitgum. Jumatatu jioni, Jumanne, Jumatano. Mwanga wa kibatari na wa simu. Adoch alikuwa amelala ubavu, amechoka, anasikia wanawake wawili wanataniana juu ya mtoto wake. Anasema zile zilikuwa siku nzuri. Alikuwa anaogopa kuzaa mbali na mama yake mzazi, na hakuona upweke hata saa moja.

Alhamisi, siku ya nne, sheria iliisha. Rosalba akafungua mlango, akaweka kigoda, akasema mtoto atoke aone dunia. Perpétue akaketi na mtoto, jua linampiga usoni, akainua kope moja kwa kidole gumba ili atoe uchafu.

Hakuna mtu anayepaka manjano ndani ya jicho. Nyeupe ya jicho haikuwa nyeupe.

Ninachokwambia sasa alinieleza mwenyewe, hakulia, alikuwa anachambua mchele. Mtoto wake wa pili aliitwa Benedicte. Alizaliwa Bukavu, vita viko barabarani, hakuna pa kwenda. Macho yake yalikuwa hivyo hivyo siku ya nne. Akafa siku ya tisa. Kwa hiyo usiniambie hakujua. Yeye mwenyewe hasemi hakujua.

"Ananyonya?" alimuuliza Adoch.

"Ananyonya, Mama Tresor, ila anachoka mbio. Akishika kidogo analala."

"Mpole," Rosalba akasema, anajivuna. "Baba yake alikuwa nalia mpaka majirani nahama. Hii nafuata babu."

Perpétue akakaa na kope ya mtoto kwenye kidole. Rosalba anasema alikaa hivyo mpaka akamuuliza kama amesinzia.

"Iko muzuri," akasema.

Halafu akachota kwenye ndoo akampaka, na siku hiyo alimpaka nzito kuliko jana. Hapo ndipo nilimkatiza. Nikamwambia, mama, kupaka zaidi ilikuwa ya nini? Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Nilitaka nisione."

Sababu anayo, kama mtu anataka kuisikia. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa Kansanga alitoka vipele, mama yake akamburuta Perpétue mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Watu wakajaa. Wakaanza kusema mkimbizi anatuulia watoto. Mwenyekiti alimwachia, lakini miezi mitatu hakuna simu iliyopigwa, na alisikia maneno barabarani ambayo hawezi kuyarudia. Sasa yuko katikati ya nyumba za polisi, mjukuu wa mjane wa jeshi mapajani, mtoto amepakwa na mikono yake kuanzia kichwani. Aseme nini? Mtoto wenu ni wa njano? Alijiambia labda itapita yenyewe. Kwa wengi inapita. Aliupa uongo huo siku moja.

Uongo ukachukua mbili.

Ijumaa vitambaa vyote vya mtoto vilikuwa vya njano. Shuka ya njano, kanga ya Adoch ya njano, kucha za Perpétue za njano. Adoch akaonyesha kitambaa kimoja, hiki hakikugusa mgongo, hiki alikuwa amekojolea.

"Mama Tresor, hata mkojo?"

"Ni mafuta, binti yangu. Inashuka."

Mtoto alilala karibu siku nzima. Rosalba alimpigia Oloya simu ikashika kidogo, akamwambia una mtoto askari kweli, hajui kulia. Nyumba nzima walikuwa na furaha. Mnaona hatari ya kitu hiki? Kila dalili ilikuja na kila dalili ilikuwa na jibu. Rangi ni manjano. Mkojo ni mafuta. Usingizi ni upole wa babu. Mtoto alikuwa anakufa mbele ya watu watatu wanaompenda, na mmoja tu kati yao alikuwa anahesabu siku.

Jumamosi Perpétue alifika mapema kabla chai haijachemka. Hakuja na ndoo. Alikuja na kipande cha sabuni ya mche na taulo jipya.

"Leo dhahabu iko wapi?" Rosalba akamuuliza.

"Leo nanawisha."

Akaweka beseni nje, kwenye jua. Akampaka mtoto sabuni mwili mzima, shingoni, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Maji yakawa ya njano kama supu. Akamwaga. Akaweka mengine. Yakawa ya njano kidogo. Rosalba akaanza kukasirika, anasema wewe unaondoa kazi yote, siku tano zote unamwaga chini. Perpétue akainamia beseni. Akamwaga, akaweka maji ya tatu, akamsugua tena, polepole. Mtoto akalia, na kilio chake kilikuwa chembamba, cha juu, hakifanani na kilio cha siku ya kwanza. Akakunja mgongo kwa nyuma, shingo imekaza.

Adoch akatoka ndani akiwa amejishika ukuta. "Kwa nini analia hivyo?"

Perpétue akamlaza kwenye taulo jeupe. Alikuwa wa njano mpaka kwenye nyayo.

"Mutoto ni mugonjwa," akasema. "Twende hospitali sasa hivi."

"Mgonjwa wa nini?" Rosalba akasogea. "Hiyo ni rangi yako. Wewe ndiyo napaka, sasa nasema ni ugonjwa?"

"Yaya, angalia maji."

"Mimi naangalia mtoto."

"Angalia maji kwanza."

Rosalba akainama. Maji ya tatu yalikuwa safi, ulikuwa unaona chini ya beseni. Akaangalia maji, akaangalia mtoto, akaangalia maji tena. Sauti ya paredi ikaisha. Akasema kidogo kidogo kwamba wampigie Oloya kwanza, yeye ndiye baba, aseme. Akapiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Alipokuwa anapiga mara ya tatu Adoch alikuwa ameshavaa viatu, mtoto amefungwa kwenye taulo, damu ya uzazi inamshuka mguuni, anaita boda. Perpétue akapanda nyuma yake bila kuulizwa.

Hospitali kubwa, foleni, benchi. Nesi aliyewapokea alimtazama mtoto mara moja tu, akawatoa kwenye foleni. Akachukua pamba yenye spiriti, akafuta nyuma ya goti la mtoto, pamba ikatoka na njano kwenye mkunjo.

"Nani amempaka mtoto rangi?"

Perpétue akakunja vidole kuficha kucha za njano.

"Sitafuti wa kufunga," nesi akasema. "Nataka siku. Njano ya ngozi ilianza lini?"

"Leo," Adoch akasema. "Tumeiona leo asubuhi, nyabo. Tulidhani ni mafuta."

Nesi akaanza kuandika leo. Na hapa nampa Perpétue haki yake, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na angeweza kunyamaza mara ya tatu na hakuna ambaye angejua.

"Siku ya ine," akasema.

Adoch akageuka. "Unasema?"

"Ilianza siku ya ine. Juzi. Niliona macho."

"Juzi uliniambia iko mzuri."

"Nilisema."

"Na jana ukaniambia ni mafuta."

"Nilisema, binti yangu."

Nesi akafuta leo, akaandika juzi. Akasema neno moja kwa daktari, na daktari akaja anakimbia. Adoch akampa Perpétue mgongo. Anasema alitaka kumpiga yule mama na mikono haikuinuka, ilikuwa imebeba mtoto.

Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, ndivyo walivyoelezwa. Walimtoa mtoto damu yake wakamwekea nyingine, wakamlaza chini ya taa ya bluu, amefungwa macho. Siku kumi na moja. Akatoka hai. Daktari akawaambia wamrudishe akifika miezi mitatu, apimwe masikio na shingo, kwa sababu njano ilikuwa imepanda sana. Akaandika tarehe kwenye karatasi. Rosalba akaikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Alipofika nyumbani akasema mtoto amepona, ananyonya, amenenepa, hawa watu wa hospitali ukiwapa mtoto mzima watamtafutia ugonjwa. Tarehe ikapita.

Oloya alikuja kutoka Karamoja, akaenda mpaka Kansanga na sare yake. Perpétue alimwona kwa mbali, akaketi kwenye kigoda, akasubiri. Akasubiri kofi, au pingu. Oloya akasimama mbele yake.

"Ni mama yangu ndiye alikuita," akasema. "Bila hivyo."

Hakumaliza. Akainua ile ndoo, akaimwaga nje, akaondoka. Mahali pale sakafu ya saruji ina doa mpaka leo, nimelikanyaga.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Simu ya Perpétue iliita wiki ile ile. Mwanamke wa Luzira, amejifungua mapacha, ameona video. Perpétue akaenda bila manjano. Siku hizi anafika, anafungua dirisha, anamvua mtoto, anabonyeza pua kwa kidole na kuangalia rangi inayorudi, kisha anainua kope. Ndiyo kwanza anagusa maji. Ameshapeleka watoto wawili hospitali kwa njia hiyo, na huko amejua kwamba waliopona njano wanapewa tarehe ya kupimwa masikio. Na wazazi wanalalamika. Wanamwambia tumekuita kwa ile ya dhahabu, mbona unaleta maji matupu? Akikataa wanampigia mwingine. Wapo wengine sasa. Nimehesabu wanne Kansanga peke yake, mmoja ana lebo kwenye chupa, ameandika ya asili asilimia mia moja. Hawajui kuangalia macho. Hakuna mtoto wao aliyewahi kufa siku ya tisa. Lailah hajafuta ile video. Anasema inaleta wateja.

Mwezi uliopita Perpétue alikuwa sokoni Kansanga, ananunua sombe, majani ya muhogo. Akamwona Adoch kwenye meza ya nyanya, mtoto mgongoni, sasa ana miezi mitano. Walikuwa hawajasalimiana tangu hospitali. Perpétue akajificha nyuma ya magunia ya mkaa, apite akishaondoka. Pale jirani kuna muuza sufuria. Mnara wa sufuria zake ukaanguka, zote, kwenye saruji. Soko zima likaruka. Muuza nyanya akashika kifua. Adoch mwenyewe alishtuka mpaka nyanya zikamtoka mkononi.

Mtoto hakupepesa. Alikuwa anatazama kitambaa chekundu cha mwanamke aliyekuwa mbele yake, ametulia.

Perpétue anasema miguu ilimwambia geuka, nenda nyumbani. Mama hakuuliza, mtu hajakuita. Akatoka nyuma ya mkaa, akavuka, akasimama mbele ya Adoch.

"Usiniguse mtoto," Adoch akasema.

"Sitamugusa. Tarehe ya masikio mulienda?"

"Mtoto wangu ni mzima. Mtulivu."

"Sufuria zimeanguka sasa hivi, Adoch. Hakusikia."

"Hakuogopa tu."

"Hakusikia. Nakuambia leo, hapa hapa, siku ile ile naona. Unipige baadaye. Mupeleke."

Adoch akamtazama. Akaweka mfuko chini. Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akamketisha kwenye ukingo wa meza, katikati ya nyanya, akapitisha mikono yake nyuma ya kichwa chake, mahali asipoona, akapiga makofi. Mtoto akamtabasamia mama yake usoni. Akapiga tena, kwa nguvu. Muuza nyanya akacheka, akidhani wanacheza, naye akaanza kumpigia mtoto makofi kutoka upande wa pili, anaimba.

Mtoto alikuwa anatazama nyanya.

Adoch akapiga tena.